Kila Muntu na Vita Yake ya Haki

Mama Agnès Kyabu alikuwa mkunga, na alikuwa na ulimi mkali. Mwanamke aliyekuja kuzaa mikononi mwake pale Katuba alijua tangu mlangoni kwamba atagombezwa kidogo, atasuguliwa mgongo sana, na Mungu akipenda atarudi nyumbani na mtoto. Baba yake Agnès alikuwa mfanyakazi wa reli aliyehamia Élisabethville, ambayo sisi wenyewe tuliiita Lubumbashi tangu zamani, akitokea upande wa Kongolo, kaskazini ya Katanga. Masista wa misheni walimfundisha kazi akiwa bado msichana. Katanga ilipojitangaza kuwa nchi peke yake, mwaka 1960, alikuwa amepita miaka arobaini, na yeye ndiye aliyekuwa akisimamia maternite ndogo ya mtaa: chumba kirefu cha vitanda, chumba cha kuzalia, jiko nyuma, na uwanja wa kuanika nguo.

Mume wake, Adalbert Numbi, alikuwa karani katika duka moja la mjini. Mtu mpole huyo, hata mbwa wa jirani akimwibia nyama alimwomba tu aondoke. Lakini alipenda mazungumzo ya vita kuliko chakula. Alikuwa na redio, na kila jioni aliisikiliza huku ameshika kidevu, halafu alimweleza mke wake nani amekosea na nani ana haki. Mke wake alikuwa ametoka kusimama kutwa nzima kati ya magoti ya wanawake wenzake, na miguu ilikuwa imemvimba.

"Adalbert," alimwambia, "maji iko ku bomba. Ile njo habari mi nataka kusikia, kama imeingia mu nyumba."

Siku ya Jumapili, baada ya misa, ndugu walikuja kula kwao. Alikuja Martine, mdogo wake Agnès, na mume wake Gérard, fundi cherehani, Muluba wa Kasai aliyezaliwa hapa hapa Lubumbashi na ambaye Kasai aliijua kwa kusimuliwa tu. Alikuja pia Stanislas, mdogo wake Adalbert, ambaye alikuwa ameingia jandarma, jeshi la Katanga, na kupewa cheo cha sajini upesi upesi, kwa kuwa alijua kusoma. Kwa hiyo Agnès alikuwa na mulamu, yaani shemeji, upande huu wa meza na mulamu upande ule, na bakuli la sombe, majani ya muhogo, katikati.

"Shiye hatukushambulia muntu," Stanislas alisema Jumapili moja. "Tuko mu nchi yetu, tunachunga nyumba yetu. Muntu akiingia kwako na fimbo, utamupa kiti?"

Gérard akaweka tonge la bukari chini. "Nani aliingia na fimbo, mulamu? Kule kaskazini munachoma manyumba ya bantu. Bale ni ba nani? Si bandugu ya Agnès?"

"Bale ni baasi."

"Na mimi? Mi ni nini?"

Adalbert akainua kidole, kwa furaha iliyomwudhi mke wake kuliko maneno yenyewe. "Tulieni. Mupe ku misa alitufundisha muzuri. Vita inaweza kuwa ya haki kama iko na sababu ya haki, kama mukubwa wa inchi njo ameiamuru, na kama njia zingine zote zimeisha. Sasa, tukiangalia…"

"Na nani anaangalia kama zimeisha?" Agnès akauliza. "Yule mwenye bunduki? Yeye njo anapiga, yeye njo anahukumu? Munakuya kula bukari yangu, munaongea kufwa kwa bantu kama munaongea mupira!"

Akachukua bakuli la sombe, akaingia nalo ndani. Wanaume watatu wakabaki na bukari kavu.

Mwaka uliofuata mambo yakaharibika. Watu wa Kasai walianza kuwindwa mjini. Nyumba zao zilivunjwa, maduka yao yakaporwa, na kufikia mwisho wa Agosti walikuwa wanakimbia kwa maelfu, na magodoro kichwani, kwenda kambi iliyoota tu yenyewe kwenye uwanja karibu na kiwanda, mahali palipolindwa na askari wageni wa Umoja wa Mataifa wenye kofia za buluu. Gérard alikataa kwenda. Alikuwa na vyerehani viwili na nguo za watu za arusi, alisema, na wateja wake walikuwa wa kila kabila.

Asubuhi moja Martine akaingia kwa dada yake bila viatu. Nyuma yake alikuja Gérard amekumbatia kichwa cha cherehani kama mtoto mgonjwa. Cha pili kilikuwa kimebaki, na nyumba ilikuwa inaungua. Agnès aliwasukumia chumbani kwake, akafunga mlango, akaweka ufunguo ndani ya gauni.

Jua halijapanda sana, vijana wakafika mbele ya lupango, ua wa nyumba yake. Walikuwa na mapanga na minyororo ya baiskeli, na aliyesimama mbele alikuwa Kasonde, mwana wa kwanza wa mama Mulenga, jirani. Mulenga na Agnès walikuwa wamechota maji kwenye bomba moja kwa miaka mingi, na waliachiana watoto bila kuombana.

"Mama Agnès," Kasonde alisema, na kwa kweli alisema kwa heshima, "hatuna neno na weye. Utoe tu Mukasai."

"Mi njo nilikutoa mu tumbo ya mama yako, Kasonde. Leo unakuya ku mulango yangu na panga?"

"Mama, hii ni vita. Bale tukibaacha, kesho bataingiza ba inje batuue. Shiye hatutafuti mubaya. Tunachunga bazazi yetu."

"Na weye pia?" Agnès alisema. "Na weye pia uko na vita ya haki? Mungu wangu, leo kila muntu iko na yake!"

Adalbert alitoka, akawaambia vijana waketi wazungumze. Mmoja alimsukuma kifuani, naye akaanguka ndani ya maua yake. Agnès alimtuma jirani mwingine kwenda kumwita Stanislas, maana jandarma walikuwa wamepiga kambi karibu, na sajini angeweza kuwatawanya vijana wale kwa neno moja. Jibu lilirudi haraka: Sajini yuko kazini, anaomba familia imvumilie.

Hapo Agnès akapita nyuma ya choo, akapenya kwenye ua wa majani, akakimbia. Hakuwa mwanamke wa kukimbia. Kwenye njia panda alikuta gari la kofia za buluu limesimama, na askari wachache wakinywa maji. Hakuna aliyejua Kiswahili, na Kifaransa chao kilikuwa cha maneno mawili matatu. Agnès alimshika mkubwa wao mkono wa shati, akaonyesha njia aliyotoka, akapitisha kidole shingoni. Yule mtu akasita, akatazama gari, akatazama saa. Agnès akamvuta. Walioona wanasema alimvuta kama mtu anayevuta mbuzi sokoni, na askari wengine wakafuata kwa sababu hawakujua wafanye nini kingine.

Walipofika, vijana walikuwa tayari wamevunja mlango wa mbele. Mkubwa yule alipiga kelele kwa lugha yake. Vijana wakacheka, mawe yakaanza kuruka, moja likampata askari usoni. Kasonde aligeuka na panga juu. Baadaye kila mtu alisimulia kivyake: wengine walisema alitaka kukata, wengine walisema alikuwa analitupa. Agnès alikuwa karibu kuliko wote, na hakusema hata siku moja kwamba anajua. Bunduki ililia mara moja. Kasonde akaanguka na goti lake likiwa limepasuka, na wenzake wakatawanyika kama kuku.

Gérard na Martine walipandishwa garini. Gérard alitoka na kichwa cha cherehani, akapita juu ya damu bila kutazama chini. Gari likaondoka. Agnès alibaki amepiga magoti barazani, akifunga paja la Kasonde kwa kikwembe chake mwenyewe na kumtukana.

"Usifumbe macho, mujinga weye. Niangalie. Niangalie, nasema!"

Mulenga akaja mbio, akamwona mwanawe, akaona mikono ya Agnès.

"Nani aliita bale baaskari?"

Agnès hakuacha kukaza kitambaa. "Ni mimi."

"Weye?"

"Ni mimi, Mulenga. Shika hapa, ukaze. Utanichukia kisha."

Mulenga alishika, akakaza, na akamchukia kisha. Hospitalini walimkata Kasonde mguu juu ya goti. Tangu siku hiyo Mulenga alikwenda kuchota maji mtaa wa pili, mbali, na ndoo kichwani, akipita mbele ya mlango wa Agnès bila kugeuza shingo.

Agnès alikuwa akienda kambini na unga kila alipopata nafasi. Kambi ile ilikuwa aibu: vibanda vya magunia na matawi, moshi, kuhara, watoto wenye macho makubwa. Gérard alikuwa amefunga cherehani kwenye kipande cha mbao na anashona magunia yawe mashati.

"Uko muzima," Agnès alimwambia.

"Niko muzima juu ya bunduki," Gérard alijibu. "Bila ile bunduki, mi ningekuwa mufu, na Martine, Mungu anajua. Donc mulamu, usiniambie tena vita yote ni mubaya. Nitasali kila siku bale ba kofia ya buluu baingie mu muji, bapige bale banyama mpaka baishe."

"Mupaka nani aishe?"

"Bale bote."

"Stanislas pia? Mutoto wa Mulenga pia, ule mugulu ingine iliyobakia?"

Gérard aliinamisha kichwa juu ya mshono. "Ni weye uliita," akasema.

Agnès alimwaga unga ndani ya sufuria, akakung'uta mfuko kwa hasira, akaondoka bila kuaga. Njiani alikuwa anasema peke yake kwa sauti, hata watu wakageuka. Alichokasirikia zaidi ni kwamba maneno yale yalikuwa ya kweli. Gérard alikuwa hai, na alikuwa hai kwa sababu yeye Agnès alikimbia kuita watu wenye silaha. Angekimbia tena kesho yake. Lakini kila mtu sasa alikuwa anaichukua siku ile na kuipeleka mahali ambapo yeye hakutaka kufika.

Mwezi wa Septemba risasi zililia mjini siku kadhaa, zikanyamaza. Mwezi wa Desemba zikaanza upya, na safari hii kwa nguvu zaidi. Ndege zilisikika upande wa Luano, penye uwanja wa ndege, na usiku na mchana mabomu yalipita juu ya nyumba zetu yakitoka huku kwenda kule. Adalbert alishindwa kwenda kazini. Alikaa karibu na redio, akimweleza Agnès kwamba sasa swali limekuwa gumu zaidi, kwa kuwa pande zote mbili zinasema zinajitetea. Agnès alimrushia kitambaa cha sahani, akaenda zake maternite.

Kule alikuwa na kazi. Mvua ilikuwa imenyesha, nguo hazikauki, na wanawake waliendelea kuzaa kama kwamba hakuna kitu. Kati yao alikuwa Bijou, binti wa Mulenga, mwenye mimba ya kwanza. Mulenga mwenyewe alikuwa amemleta mpaka mlangoni, akamkabidhi kwa mwanamke wa usafi, akarudi nyumbani bila kuingia. Lakini alimleta kwa Agnès. Hakumpeleka kwingine.

Asubuhi ya pili ya uchungu wa Bijou, lori liliingia uwanjani kwa nyuma. Jandarma walishuka, wakakata kamba za nguo, wakaanza kusimamisha mortie, lile bomba la chuma linalotema mabomu juu ili yaangukie mbali. Agnès alitoka na aproni yake na mikono iliyolowa. Aliyekuwa anatoa amri alikuwa Stanislas.

"Stanislas. Hapa ni fasi gani?"

"Yaya," akasema, kama mtu anayemwita dada yake mkubwa, "ni kwa muda kidogo tu. Kutoka hapa tunabapata muzuri."

"Nimekuuliza hapa ni fasi gani."

"Ni maternite."

"Na mukipiga, bale bakirudisha, itaanguka wapi?"

Stanislas alikuwa hajalala siku nyingi. Ndevu zilimtoka, na macho yalikuwa mekundu. "Yaya, hatukuchagua ile vita. Baliingia mu muji yetu na mandege. Ginsi gani tutajitetea? Kwa kusali? Kama kuna vita ya haki mu dunia hii, ni ya muntu anayechunga muji wake!"

"Chunga basi! Ondoka uende kuchunga ku uwanja ya mupira, ku barabara, ku pori! Juu ya nini unachunga nyuma ya banamuke banazala? Sababu unaona bale bataogopa kupiga? Donc banamuke yangu njo ukuta yako?"

Jandarma mmoja akaacha kazi, akatazama chini. Stanislas akaona, na hilo likamwumiza. Akasogea karibu na shemeji yake, akasema kwa sauti ya chini lakini ya uchungu:

"Na weye? Siku ile ulienda kuita bunduki, wakati ilikuwa ya Gérard. Ile ilikuwa haki, ile? Ya kwako ni haki, ya yetu ni zambi?"

Agnès akafuta mikono kwenye aproni. Ndani, Bijou akalia kwa sauti ndefu.

"Nilikutumia muntu siku ile," Agnès akasema. "Kama ungekuya, bila hata risasi moja, Kasonde angekuwa na mugulu. Sijui kama ile nilifanya ni haki. Ninajua kama ningefanya tena, na ninajua kama inaniuma. Lakini bunduki yangu sikuiweka mu kitanda ya muntu ingine. Sasa nipe muda nitoe bagonjwa, kama moyo yako haijakufwa yote."

Akapewa muda. Hakushukuru.

Kazi ile ya kuwahamisha wanawake, watu wa Katuba waliikumbuka kwa miaka. Agnès alipita nyumba kwa nyumba akigonga milango kwa mwiko. Akamkuta Adalbert redioni.

"Simama. Leo utabeba."

Adalbert alibeba. Ni lazima tuseme ukweli juu yake: alibeba vizuri, alirudi tena na tena, na hakutoa maoni. Walitumia milango iliyong'olewa, pusupusu, yaani mkokoteni, ya mwuza makaa, mabega ya watu. Wazazi na watoto wachanga walipelekwa shule ya msingi, mbali kidogo, darasani, kati ya madawati. Kasonde alitokea na mikongojo yake. Hakuweza kubeba, basi alitembea kando ya mlango uliombeba dada yake, akiwafukuza watu njiani kwa kelele. Mama yake pia alikuja mpaka njiani. Mulenga alimtazama Bijou, akamtazama Agnès, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti akamwambia neno.

"Nguo za mutoto ziko ku nyumba. Naenda kuzikamata."

"Acha nguo, Mulenga! Tutamufunga na kitu chochote!"

"Hatazaliwa kwa kitu chochote," Mulenga akasema, akageuka.

Mortie ilianza kupiga kabla hawajafika shuleni. Ilipiga kwa muda, ikanyamaza, na lori likaondoka haraka na watu wake wote, maana hivyo ndivyo walivyofundishwa: piga, hama. Majibu yalikuja uwanja ukiwa mtupu. Bomu moja liliezua bati za maternite na kuvunja vitanda. Mengine yalipita mbele kidogo, yakaangukia nyumba za mtaa, na moja lilianguka kwenye nyumba ya Mulenga.

Bijou alijifungua mtoto wa kike chini ya ubao mweusi, adhuhuri, na Agnès alikuwa bado ameshika kitovu wakati Adalbert aliposimama mlangoni akiwa mweupe kwa vumbi. Agnès alimtazama usoni, akaelewa. Alikata kitovu, akafunga, akamweka mtoto kifuani kwa mama yake, akamfunika kwa kikwembe. Kisha akatoka nje na kupiga teke ukuta wa shule mpaka kidole chake cha mguu kikavunjika.

Kilio cha kumwomboleza Mulenga kilikaliwa nje, kwenye lupango yake, kwa kuwa nyumba haikuwepo. Risasi zilipotulia, watu walikuja wengi. Alikuja pia mwofisa mmoja wa kofia za buluu, na mkalimani, na kopo la maziwa ya unga kwa ajili ya mtoto. Alivua kofia, alikuwa na huzuni ya kweli usoni. Kupitia mkalimani alisema kwamba wanasikitika; kwamba walipigwa kutoka mahali pale; kwamba askari akipigwa ana ruhusa ya kurudisha; kwamba wao hawakuja kuteka nchi, walikuja kuleta amani, na lawama iko kwa aliyeweka mzinga katikati ya watu.

Stanislas alikuwa amekuja pia, kwa siri, bila sare, amevaa koti la kaka yake. Aliposikia hayo alishindwa kunyamaza. "Unasikia?" akawaambia watu. "Banaua mama yetu, banatuambia ni kosa yetu! Hii njo sababu tunapigana! Mulimwona Mulenga? Njo sababu!"

Wengine wakaitikia. Mzee mmoja akasema hapana, kosa ni la mortie. Adalbert, ambaye kwa siku zile alikuwa amenyamaza vizuri sana, akafungua mdomo: "Tukiangalia kwa utulivu, pande zote mbili, kwa namna fulani…"

Agnès alisimama. Alikuwa anachechemea kwa kidole chake.

"Inje," akasema.

"Agnès…"

"Inje! Weye na namna fulani yako. Weye, Stanislas, weye na sababu yako. Na weye, bwana wa amani, uache maziwa, uende. Mulenga hakufwa juu ya kuwapa mufano! Alienda kukamata nguo ya mutoto! Hamutamukata vipande vipande hapa, huyu apate mugulu, yule apate kichwa, kila mumoja aende nayo kuonyesha kama iko na haki. Mukitaka kulia, mukae, mulie. Mukitaka kuongea, barabara iko kule!"

Mkalimani hakutafsiri, lakini mwofisa alielewa, akavaa kofia yake. Stanislas alitoka. Adalbert alikwenda hata yeye, akasimama barabarani chini ya mvua nyepesi, akalia huko peke yake.

Kasonde alikuwa ameketi kwenye mkeka na mikongojo pembeni. Watu waliporudi kwenye nyimbo zao, alimwita Agnès kwa mkono.

"Mama, siku ile. Kama ungejua kama itafika mupaka hapa. Kama ungejua mugulu yangu, na mama. Ungetuachia Gérard?"

Agnès alikaa karibu naye.

"Hapana," akasema. "Ningeenda tena kubaita."

"Hata kwa mugulu yangu?"

"Hata kwa ile. Mulikuwa munataka kumuua, Kasonde."

"Ndiyo," Kasonde akasema. "Tulikuwa tunataka." Akafuta uso kwa kiganja. "Basi sema tu vile. Usiongeze kintu. Bengine bote banaongeza."

Mwaka 1962 watu wa kambi walipelekwa Kasai kwa treni. Agnès alikwenda kumuaga Martine, na dada wale walishikana mpaka askari wakawatenganisha. Gérard alimwachia mtoto wa Bijou gauni alilolishona kwa kitambaa cha gunia, na akiwa tayari dirishani alisema kwamba ile sala yake ya kwamba waishe wote ameiacha, ila bado hajui aweke nini mahali pake. Hawakuonana tena.

Mwanzoni mwa 1963 Katanga ilirudi kuwa mkoa. Askari wengi wa jandarma walivuka mpaka wa Angola, lakini Stanislas alirudi nyumbani, mwembamba, na vidonda miguuni. Agnès alimpa bukari na samaki, akamngoja amalize.

"Sasa uende kwa Kasonde."

"Nitamwambia nini? Mi sikupiga ile bomu, yaya."

"Sikukuambia useme. Nimesema uende."

Alikwenda. Kasonde, ambaye wakati huo alikuwa fundi viatu kwenye kona ya soko, alimwacha amesimama muda mrefu juani, akigonga misumari. Mwishowe akamwuliza kama anajua kufyatua matofali. Stanislas akasema hajui. Kasonde akasema basi atajifunza.

Stanislas akangoja mvua ziishe, akaanza kwenye lupango ya Mulenga. Matofali ya kwanza yalipasuka yote, na Agnès, aliyekuwa akitoka maternite chini ya bati mpya, alisimama kumwambia kwamba hata mtoto wa shule angejua udongo ule una mchanga mwingi. Stanislas alibadilisha udongo. Kasonde alikuja jioni kutazama, hakumsifu hata siku moja, wala hakumwambia aache. Watu waliopita waliuliza kama hao wawili wamepatana, na Agnès aliwajibu kwamba wakiwa na nafasi ya kuuliza, wana nafasi ya kubeba maji.

Nyumba ilisimama kabla ya mvua kurudi. Ilikuwa na ukuta mmoja uliopinda. Bijou aliingia na mtoto wake plasta ikiwa bado mbichi, na juma la kwanza alilalamika kwa kila mtu kwamba mlango haufungi.